Nimelipia jukwaa miaka sita, kazi zangu 143 zimefutwa, na bado mnaniambia "fungua tu Instagram"

Wakuu, salamu. Nimekaa na hasira hii wiki tatu. Leo naimwaga hapa, na wewe unayejiandaa kuweka potifolio, yaani mkusanyiko wa kazi zako za sanaa za kuonyesha watu, mtandaoni nakuomba usome kabla hujatoa hata shilingi.

Mimi ni mchoraji, naishi Kamwokya hapa Kampala, ingawa Kiswahili changu ni cha kambini Jinja, mzee wangu alikuwa askari. Nachora juu ya lubugo. Kwa wasiolijua, hilo ni gome la mti wa mutuba, linavuliwa na kupigwa kwa nyundo za mbao zenye mistari mpaka linatanuka na kulainika kama kitambaa. Likianikwa juani ndipo linapata ule wekundu wa udongo. Baganda wamelivaa na kuzikana nalo vizazi na vizazi, na UNESCO iliutangaza ufundi huu kuwa urithi mwaka 2005. Nalieleza hili kwa sababu kazi ya lubugo iko kwenye ngozi yake: mistari ya nyundo, viraka vilivyoshonwa, mahali rangi ilipokunywewa na mahali ilipokataa. Picha ikibanwa, yaani ikipunguzwa ukubwa, vyote hivyo vinageuka tope la kahawia. Kwa hiyo kuchagua mahali pa kuziweka kwangu hakukuwa jambo dogo.

Mwaka 2019 nilichagua jukwaa moja la ng'ambo la kulipia. Jina silitaji. Nilivutiwa na sura: kurasa safi, picha zinafunguka kubwa, jina langu juu peke yake. Dola 16 kwa mwezi, karibu shilingi 60,000. Ipo miezi nililipa hiyo kabla sijalipa kodi ya chumba.

Mwaka jana siku ya makato ilifika kadi yangu ikiwa pungufu. Ni kadi ya mtandaoni ninayoijaza kwa simu. Dola ilikuwa imepanda kidogo na gharama ya kubadili fedha ikala kilichobaki. Upungufu wenyewe haukufika shilingi 2,000. Nilikuwa Masaka kijijini kununua lubugo, bando limeisha, onyo lao sikuliona. Niliporudi nikakuta ukurasa mweupe. Nikajaza kadi, ikakataliwa. Nikajaribu kadi ya dada yangu, ikakataliwa, eti jina halifanani na la akaunti. Nikaandika kwa huduma kwa wateja, jibu likaja neno kwa neno lile lile mara tatu. Siku 30 zikapita wakati nabishana na mashine. Wakafuta. Sasa wiki tatu zilizopita, baada ya miezi ya kubembeleza, ndiyo nimepata jibu la mtu mwenye jina: data ya akaunti iliyofutwa hairudishwi.

Miaka sita. Kazi 143.

Najua mtauliza kwa nini sikuwa na nakala. Nyingi zilikuwa kwenye simu iliyoibwa Old Taxi Park, na nilipotaka kuzishusha upya kutoka kwenye jukwaa lenyewe nikagundua halina kitufe cha kutoa kazi zako zote kwa pamoja. Moja moja tu, tena ndogo kuliko nilivyozipandisha. Nilisema nitafanya taratibu. Nimebaki na picha 31 nilizowahi kuwatumia watu WhatsApp, nazo zimebanwa. Kazi zenyewe ziliuzwa zamani, ziko kwenye kuta za watu nisiowajua, siwezi kwenda kuzipiga picha upya.

Na wakati ukurasa umezimwa, msimamizi wa jumba moja la sanaa Nairobi aliyekuwa ameomba kuona kazi zangu akaniandikia: dada, kiungo chako hakifunguki. Nikamweleza. Alikuwa muungwana, lakini orodha yake ilikuwa inafungwa Ijumaa. Nafasi ikaenda kwa mwingine.

Sasa kinachoniwasha zaidi ya hilo jukwaa ni ushauri. Tafuta mtandaoni "jukwaa bora la potifolio" uone. Makala hamsini, zote zinalinganisha violezo vya kurasa na aina za herufi. Hakuna hata moja inayomuuliza mtu: utalipaje ukiwa Kampala? Kadi ikigoma utapewa siku ngapi? Siku ukitaka kuondoka, utatoka na nini mkononi? Wanakusifia kitufe cha "Nunua" kinachopitisha pesa Stripe, kampuni ya malipo ya mtandaoni, na Uganda haimo kwenye orodha ya nchi ambazo Stripe inafungulia wafanyabiashara akaunti. Kitufe hicho kwetu ni pambo. Makala hizo ziliandikwa kwa mtu ambaye kadi yake haijawahi kukataliwa, na sisi tunazisoma kana kwamba zinatuhusu.

Halafu mnakuja nyinyi wenzangu: "fungua tu Instagram, bure." Ndugu zangu, bure ya nani? Kuanzia Julai 2018 tulikuwa tunalipa kodi ya shilingi 200 kila siku ndipo tufungue hiyo mitandao. Ilipoondolewa Julai 2021 ikaja kodi ya asilimia 12 juu ya bando lenyewe. Mnakumbuka Januari 2021, wakati wa uchaguzi? Intaneti ikazimwa siku kadhaa, iliporudi Facebook ikabaki imefungwa. Wachoraji waliokuwa na kurasa zenye maelfu ya wafuasi huko walibaki wanahangaika na VPN, programu ya kupita kizuizi, miaka na miaka. Mnunuzi gani atawasha VPN ili aone mchoro wako?

Na hata ikiwa wazi, Instagram inaipunguza picha hadi upana wa pikseli 1080. Lubugo langu la mita moja na nusu kwa pikseli 1080! Mtu asiye na akaunti akiperuzi kidogo anazuiwa, ajisajili kwanza. Januari 2025 wakabadilisha miraba ya ukurasa kuwa mistatili, na watu waliopanga kazi zao kwa miezi wakaamka wakakuta picha zimekatwa pembeni. Hawakuulizwa. Weka matangazo yako huko, sikatai, mimi mwenyewe nipo. Ila usimpe msimamizi wa maonyesho kiungo cha Instagram ukasema hiyo ndiyo potifolio yangu.

Wengine mmeniambia DeviantArt au ArtStation, majukwaa ya wasanii. DeviantArt ipo tangu 2000, na Novemba 2022 ilipoleta chombo chake cha akili mnemba (AI) cha kutengeneza picha iliwaachia wasanii kazi ya kwenda kukataa, mchoro mmoja mmoja, zisitumike kufunzia mashine. Ilibadilisha baada ya watu kupiga kelele. ArtStation, iliyonunuliwa na Epic Games 2021, ilipata yake Desemba 2022 wasanii walipojaza ukurasa wa mbele picha za kupinga akili mnemba. Tena hiyo ni nyumba ya watu wa michezo ya kompyuta na filamu. Mimi na lubugo langu nani atanitafuta pale? Cara, jukwaa jingine la wasanii, moyo wake naupenda, hawapokei picha za akili mnemba. Lakini watu walipohamia kwa wingi katikati ya 2024, kwa wiki moja tu mwanzilishi wake aliletewa bili ya seva ya dola 96,280. Sehemu nzuri nayo inaweza kuzimika kwa bili.

Kama huna pesa, tumia Behance, jukwaa la kuonyesha kazi. Ni ya kampuni ya Adobe tangu 2012, ni bure, picha zinafunguka kubwa, na mgeni anaangalia bila kusumbuliwa sana. Hiyo ndiyo rai yangu na sina mapenzi nayo. Usiifanye ghala. Wazee walisema nguo ya kuazima haisitiri matako, na majukwaa yote haya ni ya kuazima, la kulipia na la bure.

Kitu kimoja tu ndicho ningenunua kwanza ningeanza leo: jina la tovuti. Si tovuti, jina lake. La .com ni dola kumi na kitu kwa mwaka, na hapa Kampala wapo wauzaji wanaopokea pesa kwa simu, huhitaji kadi ya mtu. Jina hilo ukilielekeza Behance leo, kesho Behance ikikuchosha unalielekeza kwingine, na yule wa Nairobi anabofya kiungo kile kile alichopewa mwaka juzi. Hakuna aliyeniambia hili kwa miaka sita. Mimi nilikuwa nachapisha kwenye kadi zangu za biashara anuani yenye jina la jukwaa, kadi mia tano, zimo mifukoni mwa watu mpaka leo na hazielekezi popote.

Picha zangu za sasa ziko kwenye diski mbili, moja kwangu na moja kwa dada Jinja. Nikimaliza mchoro, napiga picha, nasafiri au natuma diski. Ni usumbufu. Nafanya.

Nina ombi. Kama wewe au jamaa yako alinunua lubugo lililochorwa kwenye soko la ufundi nyuma ya National Theatre kati ya 2019 na 2023, geuza nyuma utazame pembe ya chini kulia. Ukiona samaki mdogo wa rangi ya buluu, ni yangu. Ninayoitafuta kuliko zote ni ile ya wanawake wamepanga foleni na majerikeni kwenye bomba la kambi, ndefu, imeshonwa kiraka upande wa kushoto. Nipigie picha mchana kivulini, bila flashi, kisha niandikie ujumbe wa faragha hapa. Na ukinitumia kwa WhatsApp, tafadhali itume kama dokyumenti, usiitume kama picha, isije ikabanwa.