Nimekesha siku 3 naandika pendekezo, nimejibiwa kwa voisi ya sekunde 7. Na jogoo ndani!

Nahodha wa Nchi Kavu:

Wakuu, salamu baadaye, nina hasira mpaka ugali haupiti.

Sitaji jina. Hata paka wa soko la Mwanga wanamjua. Yule bwana mkubwa wa ile lugha yetu ya programu ya Kiswahili, ambaye funguo zote za mradi kazining'iniza kiunoni kama baba mwenye nyumba. Nimemwandikia pendekezo lugha isome saa kwa Kiswahili. Kurasa 11, mifano imo, majedwali yamo. Mbu wa Ujiji wamenywa damu yangu mpaka wakawa wanaruka upande. Kanijibu kwa voisi ya sekunde 7. Katika hizo 7, moja ya kukohoa na 3 za jogoo.

"Dogo, saa ni saa."

Basi. Imeisha hiyo.

Kwa wasioijua lugha yenyewe: amri zake ni za Kiswahili, ina *kama*, ina *vinginevyo*, ina *rudisha*, na kila siku tunajigamba kwamba hata mtoto wa darasa la tano ataielewa. Halafu ukiita saa(), yaani ukiiuliza mashine ni saa ngapi, wakati wa saa moja usiku, inakupa 19. Nani Kigoma hii, ukimtoa mjeda, umewahi kumsikia anasema "tuonane saa kumi na tisa"? Maneno tumeyaleta nyumbani, saa tumeiacha Ulaya.

Mimi namtengenezea mjomba programu ya tiketi pale Kibirizi. Boti ya Mwamgongo inaondoka saa 6 mchana. Tiketi ikachapwa "SAA 12". Mama mmoja kaja saa 12 jioni, dumu la mawese kichwani, kuku wawili kawafunga miguu mkononi. Ziwa jeupe, boti ilishafika zamani. Akakaa juu ya dumu akanisomea mimi, mjomba na ukoo mzima mpaka giza likaingia. Kuku wanaitikia.

Ndipo nikaandika pendekezo. Hesabu yenyewe ni mstari mmoja: chukua saa ya mashine, jumlisha 6, gawanya kwa 12, baki ndiyo saa yako. Ikibaki sifuri, iite 12. 19 na 6 ni 25, toa 24, imebaki 1. Saa moja! Kurasa 10 zilizobaki ni heshima tu.

"Dogo, saa ni saa." Kwanza dogo nani? Nina watoto wawili. Pili, hata huyo jogoo wake anajua saa zinahesabiwa kuanzia kunapokucha, ndiyo maana alikuwa anapiga kelele. Tatu sina, nina hasira.

Mods msiunganishe uzi huu.

Mgebuka Mkavu: Nimekaa paleee, endeleeni.

Binti Gungu: Sekunde 7 zimekutoa uzi mrefu hivi. Angekutumia dakika nzima ungetuandikia kitabu.

Mnyamwezi Asilia: Mwangaluka wadau. Wewe umejibiwa na binadamu NA jogoo bado unalalamika? Mimi huku Tabora niliomba *vinginevyo* ifupishwe iwe *sivyo*. Mwezi wa nane huu, kimya. Herufi 10 kila ukitaka kugeuza njia! Kibodi yangu V imeng'oka, siku hizi nainakili kutoka faili jingine.

Nahodha wa Nchi Kavu: Mkuu, fungua uzi wako. Hapa tunamjadili jogoo.

Fundi wa Zamani: Dogo (samahani, baba wa watoto wawili), tuliza boli. Wenzetu wa Python, lugha nyingine ya programu, wana utaratibu wa mapendekezo, wanayaita PEP, tangu 2000. Mwaka 2001 mtu akaomba *switch*, amri ya kuchagua njia moja kati ya nyingi, nayo mwishowe ikakataliwa. Mwaka 2006 Guido van Rossum, mwasisi mwenyewe, akaandika la kwake, PEP 3103. Mwaka uliofuata akawauliza watu mkutanoni, hawakulitaka, akalikataa pendekezo lake kwa mkono wake. Kitu cha kufanana nalo, *match*, kimeingia 2021, toleo la 3.10. Na mwaka 2018, baada ya ugomvi wa alama ya :=, mwasisi aliachia ngazi kabisa. Alama ya herufi mbili hiyo. Wewe una sekunde 7 tu.

Halafu ukibadilisha saa(), kodi za watu walioandika kwa kutegemea 19 zitavunjika. Omba fanksheni mpya, ile ya zamani iache kama ilivyo. Na nikuulize: usiku wa Ijumaa ni upi? Kwa bibi yangu ni Alhamisi jua likishazama. Kwa mashine Ijumaa haianzi mpaka ifike saa 6 usiku. Siku igeuke lini? Ukurasa gani umelisema hilo?

Nahodha wa Nchi Kavu: Wa 9.

Fundi wa Zamani: Uweke hapa tuusome.

Nahodha wa Nchi Kavu: Nitauandika leo usiku. Lakini mzee wangu, si ndiyo angeniuliza hivyo! Angesema "dogo, na usiku wa Ijumaa je?" ningelia kwa furaha, hata hilo dogo ningelimeza. Kaniambia saa ni saa. Akakohoa. Jogoo akamalizia.

Baba Kodi: Kodi zinavunjika? Kodi gani, za nyumba? Huku Katubuka mwenye nyumba kaja jana anataka ya miezi sita kwa mkupuo, na bomba halijatoa maji tangu Jumapili.

Binti Gungu: 😂😂 Ya kompyuta, mkuu.

Baba Kodi: Kumbe nazo zinalipiwa. Kwa mwezi au kwa mwaka?

Mnyamwezi Asilia: Afadhali wewe una mwenye nyumba anayekuja. Bwana mkubwa wetu V yangu haijui.

Mgebuka Mkavu: Mimi nimebaki kwenye dumu. Mawese yalipona?

Mnyamwezi Asilia: Mawese ya Kigoma yakifika huku yameshachanganywa. Ukiyaweka jikoni yanaruka kama yana maji.

Binti Gungu: WEEE! Mnachanganya wenyewe huko. Asali yenu ikifika huku ukiionja unasikia sukari guru, tukisema tunaambiwa hatujui nyuki wadogo.

Mnyamwezi Asilia: Asali usiiguse dada. Tutagombana.

Fundi wa Zamani: Mawese safi yakipoa chini yanaganda, juu yanabaki mekundu yanayong'aa. Ukiona yamepoa na bado yamelegea yote, yatilie shaka.

Nahodha wa Nchi Kavu: Wakuu, turudi kwa jogoo.

Mgebuka Mkavu: Dumu la lita 20 bei gani sasa hivi?

Nahodha wa Nchi Kavu: Yule mama wa boti anauza. Alinisamehe, nilimbebea mpaka nyumbani. Njooni Kibirizi kesho saa 4 asubuhi, anakuwa hajaondoka.

Baba Kodi: Niwekee na mimi moja, nitalipa nikishamalizana na mwenye nyumba.