Jaribio la muziki na kumbukumbu: naweza kulinganisha darasa la asubuhi na la jioni?

mwaka_wa_kwanza
Habari wakuu. Tumepewa kazi ya kufanya jaribio dogo la saikolojia. Nadharia tete yangu: muziki wenye maneno hupunguza idadi ya maneno ambayo mtu anakumbuka. Nimepanga wanafunzi 20 wa asubuhi wasikilize muziki, 20 wa jioni wakae kimya. Nitawasomea maneno 10, kisha waandike wanayokumbuka. Mpango umekaa sawa? Na watu 40 wanatosha?

mama_takwimu
Swali lako zuri, ila makundi hayo yatakuangusha. Wa jioni wengi wanatoka kazini, wamechoka, na huenda umri wao ni mkubwa zaidi. Matokeo yakitofautiana, utasema ni muziki, ni uchovu au ni umri? Kuongeza watu hakusaidii hapa. Hata ukiwapata 400, tofauti ya asubuhi na jioni inabaki palepale.

Fanya mgawanyo nasibu. Andaa vikaratasi 40, 20 vya "muziki" na 20 vya "kimya", vikunje, changanya, kila mshiriki achukue kimoja bila kuona. Usigawe kwa safu za viti wala kwa zamu ya kufika, maana marafiki hukaa pamoja, na anayewahi si sawa na anayechelewa. Wote wafanye saa ileile, chumba kilekile.

Halafu usisome maneno kwa mdomo. Muziki utafunika sauti yako, na utakuwa umepima usikivu badala ya kumbukumbu. Yaonyeshe kwenye skrini, sekunde 2 kila neno. Wa kimya nao wavae hedifoni, ili tofauti pekee iwe muziki wenyewe. Maneno 10 ni machache: wengi wakipata 8 au 9, tofauti haina pa kuonekana. Weka 15, na uwajaribu kwanza watu watano ambao hawatashiriki.

Baada ya neno la mwisho, wahesabu kurudi nyuma kwa tatu-tatu kwa sekunde 30. Maneno ya mwisho hukumbukwa kirahisi kwa sababu bado yako kichwani. Watafiti Glanzer na Cunitz walionyesha mwaka 1966, kwa orodha za maneno 15, kwamba sekunde 30 za kuhesabu zinaifuta faida hiyo.

Kipimo
Naunga mkono yote isipokuwa makundi mawili. Kwa watu 40, afadhali kila mtu afanye hali zote mbili. Tofauti ya ukubwa wa kati (nusu ya mchepuko sanifu, yaani kipimo cha jinsi alama zinavyotawanyika), ukitaka uwezekano wa 80% wa kuigundua kwa kiwango cha 0.05 (yaani 5% ya kuona tofauti ambayo haipo), inahitaji watu 64 kila kundi, yaani 128. Ukimlinganisha mtu na yeye mwenyewe, na nusu hiyo ikiwa ya mchepuko wa tofauti zao, 34 wanatosha.

Gharama yake ni mazoezi na uchovu: raundi ya pili si sawa na ya kwanza. Kwa hiyo unahitaji orodha mbili, A na B, na mipangilio minne: muziki-A kisha kimya-B, muziki-B kisha kimya-A, na kinyume chake kwa zote mbili. Watu 40 ni 10 kila mpangilio. Wapangie nao kwa vikaratasi.

Orodha zilingane: nomino za kawaida, silabi mbili au tatu. Usiweke sahani, kijiko na sufuria pamoja. Mtu akikumbuka moja, nyingine zinafuata.

mama_takwimu
Hoja ya Kipimo ni sahihi kwa idadi yako, fuata hiyo. Naongeza usahihishaji: karatasi ziwe na namba tu, na anayesahihisha asijue ipi ni ya muziki. Watafiti Rosenthal na Fode, mwaka 1963, waliwapa wanafunzi 12 panya wa kawaida, nusu wakaambiwa wao wana panya werevu, nusu panya wazito wa kujifunza. Panya walioitwa werevu wakaonekana kujifunza vizuri zaidi. Matarajio yako nayo yataingia kwenye alama ukiyaachia mlango.

Ridhaa ya maandishi ni lazima, pamoja na haki ya kujitoa wakati wowote. Usiwatajie nadharia tete kabla, waeleze mkimaliza.

mwaka_wa_kwanza
Nashukuru sana. Mtu akiandika "vikombe" na orodha ilikuwa na "kikombe"?

Kipimo
Amua sasa, kabla hujaona karatasi hata moja, na uandike kanuni hiyo kwenye ripoti. Mimi ningekubali umoja na wingi pamoja na makosa ya tahajia, ningekataa visawe, na neno lililorudiwa ningelihesabu mara moja. Maneno ambayo hayakuwemo yahesabu pembeni, usiyatoe kwenye alama.