Tupeane uzoefu: Uliyewahi kumiliki gari la michezo la zamani lisilo na ESP, ulijuta?

Mwanzisha mada

Habari za muda huu wakuu. Nimedunduliza miaka, na sasa kuna magari mawili ninayoyawazia hadi usingizini. La kwanza ni Honda S2000 ya 2002, safi, ina ABS (breki zisizokwama) basi. La pili ni kupe (gari la milango miwili) ya 2006 yenye ESP, ule mfumo wa umeme unaosaidia gari lisiserereke, au VSC, DSC, VDC, kila kampuni na jina lake. Yote yanasukuma kwa nyuma, bei zinakaribiana. Mke wangu kashikilia nichukue lenye ESP. Rafiki yangu anayejua magari kuliko mimi anasema vile vitu vya umeme vinaondoa utamu wa kuendesha, na vikizeeka ni gharama tupu.

Mimi maisha yangu yote nimeendesha magari yanayovuta kwa mbele. Kwa hiyo naomba sana, nadharia tuziweke kando. Nataka kumsikia aliyeserereka, aliyeokolewa na aliyejuta.

Kona Tatu

Mkuu, nifungue mimi. Gari langu la kwanza la michezo lilikuwa na injini nyuma kabisa, halina msaada wowote wa umeme. Miezi 3 ya mwanzo nilijiona nimeshalijua. Siku moja barabara imelowa, nimeingia kona ambayo katikati inazidi kukaza. Nikaogopa, nikaachia mafuta ghafla. Kwenye gari la kuvuta mbele ukifanya hivyo mara nyingi pua inarudi ndani na unaendelea na safari. Kwenye lile langu, uzito ukahamia mbele, tairi za nyuma zikawa nyepesi, na nyuma ikataka kunipita. Nikakata stelingi kurekebisha, nimechelewa. Likazunguka kama pia, likasimama kwenye majani limeelekea nilikotoka. Sikuumia wala sikugonga mtu, namshukuru Mungu mpaka leo.

Gari lenye ESP lingekamata breki ya tairi moja tu, la mbele upande wa nje wa kona, likaivuta pua irudi kabla mimi sijatambua kuna tatizo. Mguu wa binadamu hauwezi hilo, pedali ya breki ni moja na tairi ni nne.

Sikuliuza. Nilienda kujifunza kwenye uwanja uliofungwa, nikalimiliki miaka 6 mingine na nililipenda kupita gari lolote. Ila wewe unayetoka kwenye gari la kuvuta mbele, usianze kwa njia niliyoanza mimi.

Spana 13

Mimi ni fundi wa breki na umeme wa magari, naomba niweke sawa jambo moja. ABS inaachia na kukamata breki haraka haraka ili tairi lisikwame. Traksheni inapunguza nguvu tairi likizunguka bure. ESP inakaa juu ya hizo mbili. Kuna sensa inayosoma umekata stelingi kiasi gani, na nyingine inayosoma gari lenyewe linageuka kiasi gani. Zikipishana, inakamata breki ya tairi moja na kushusha nguvu ya injini. Mercedes-Benz na Bosch ndio walioiingiza barabarani mwaka 1995, kwa hiyo magari mengi mazuri ya michezo unayoyaona sokoni yalitoka kiwandani bila hiyo, na yalisukwa hivyo.

Sasa kisa. Aliletwa kwangu mteja mwenye gari alilonunua wiki hiyo hiyo, analalamika kwamba akishika breki kwa nguvu nyuma inayumba. Kwenye dashibodi hakuna taa hata moja inayowaka. Nikaifungua. Nyuma ya taa ya ABS na ya ESP kumebandikwa utepe mweusi. Pampu ya ABS imekufa, na haikufa juzi.

Magari mengi ya miaka ile hayana tena ile valvu ya zamani ya kugawa nguvu ya breki kati ya mbele na nyuma. Kazi hiyo inafanywa na kifaa hicho hicho cha ABS. Kikifa, hujabaki na gari "lisilo na ESP" kama la zamani. Umebaki na gari ambalo tairi zake za nyuma zinaweza kukwama kabla ya za mbele, na hapo ndipo gari linapogeuka. Gari lililozaliwa bila ESP ninalipanda bila wasiwasi. Lenye ESP iliyokufa silipandi mpaka litengenezwe.

Kupima ni sekunde chache: weka swichi, usipige stata. Taa ya ABS na ya ESP lazima ziwake. Piga stata, zizime. Kuna magari ambayo taa ya ABS husubiri usogee kidogo ndipo izime, hilo si tatizo. Taa isiyowaka kabisa ndiyo ya kuuliza.

Dada wa Klachi

Kaka Spana asante, hilo la utepe limenishtua.

Mimi nililipa zaidi ili nipate yenye ESP. Mvua ya kwanza, kwenye mzunguko niliouzoea, taa ya ESP ikawa inapepesa mfululizo na gari bado linatoka nje ya mstari wangu. Nikalaumu kompyuta, nikalaumu sensa. Fundi akainama akasoma zile tarakimu 4 za ubavuni mwa tairi, mbili za mwanzo wiki, mbili za mwisho mwaka. Tairi zilikuwa na miaka 11! Hazikuwa vipara hata kidogo, meno yamejaa, ila mpira umekuwa mgumu kama soli ya kiatu cha zamani. ESP inagawa mshiko uliopo, haiwezi kuutengeneza. Nilibadilisha zote 4, na tangu hapo pale pale, mwendo ule ule, taa haijapepesa.

Hata hivyo nisingenunua lisilo nayo. Nina watoto.

Mzee wa Rivasi

Wanaosema ESP ni ya wasiojua kuendesha wakumbuke Audi TT ya kwanza, ya 1998. Ilitoka bila hiyo. Zikafuata ajali za mwendo kasi, nyingine za vifo, mpaka Audi wenyewe wakaongeza ESP na kibawa kidogo cha nyuma na kurekebisha suspensheni, hata kwa magari yaliyokwisha kuuzwa. Na wale hawakuwa wanafunzi wa udereva.

Mwanzisha mada

Nimerudi wakuu. Kupe nimeiona jana. Nimeweka swichi bila kupiga stata kama alivyoelekeza Spana: ABS imewaka, ESP kimya. Muuzaji kasema ndivyo magari haya yalivyo. Nimefungua kitabu cha gari mbele yake, kimeandika inatakiwa iwake. Sikubishana naye, nimerudisha funguo.

S2000 ina tairi za 2013, bushi mbili za nyuma zimechoka, shokapu zipo sawa. Taa ya ABS inawaka na kuzima inavyotakiwa.

Kona Tatu

Mkuu, Honda walianza kuiwekea S2000 ESP, wao wanaita VSA, kwenye modeli za 2006. Kama unaweza kusubiri upate ya kuanzia hapo, furaha ya mama nyumbani na yako zinakutana.

Dada wa Klachi

Msikilize Kona Tatu. Subiri.

Mwanzisha mada

Nilijaribu kusubiri, dada yangu, wiki 5. Zilizopatikana ama zimegongwa, ama bei hainihusu. Juzi nimeichukua ile ya 2002. Sikuiendesha kutoka pale: imebebwa mpaka kwa fundi, bushi zimebadilishwa, tairi 4 mpya, alaimenti imepigwa. Mke wangu nimemwahidi kwamba barabara ikilowa inabaki ndani mpaka nifunzwe. Jumamosi naenda kwenye uwanja wa mafunzo, na nimewaomba wamwage maji kwenye kona.