Ndege Guangzhou–Dubai SIYO safari ya saa sita na nusu! Mawakala wa tiketi acheni kutupigia hesabu za kwenye ramani

Wakuu, nimekaa na hili donge wiki nzima, leo nalitoa.

Mimi natafuta riziki Kariakoo, Guangzhou naenda mara mbili tatu kwa mwaka kufuata mzigo. Januari hii niliwahi kabla viwanda havijafunga kwa Mwaka Mpya wa Kichina. Wakala wangu, mtu niliyemwamini miaka minne, akanishauri safari ya kurudi tuikate vipande viwili iwe nafuu: Guangzhou–Dubai shirika moja, Dubai–Dar shirika lingine. Kipande cha Dar akakinunua kwanza kwa sababu ya ofa, tiketi ambayo hela hairudi. Nikamuuliza, una uhakika muda unatosha? Akanitumia picha ya tovuti: kilomita 5,800, saa sita na dakika 27. Akaniambia: utaondoka saa sita na robo usiku, Dubai wako nyuma kwa saa nne, kwa hiyo kabla ya saa tisa usiku umeshatua. Ndege ya Dar ni saa kumi na moja na nusu alfajiri.

Tiketi ya Guangzhou inatoka, naisoma: kutua saa kumi na dakika 50 alfajiri. Dakika arobaini!

Hizo saa sita na dakika 27 zimetoka wapi? Wamepima umbali wa moja kwa moja kati ya miji miwili, wakagawa kwa kilomita 900 kwa saa. Basi. Hakuna foleni ya kuruka pale Baiyun, uwanja wa ndege wa Guangzhou, hakuna kona za njia za anga, na kubwa kuliko yote hakuna upepo! Huko juu upepo unavuma kutoka magharibi, na miezi ya baridi ndiyo unazidi ukali. Ukienda China unakusukuma, ukirudi unapambana nao. Ndiyo maana kwenda ni kama saa saba na kurudi zinapita nane, miji ile ile, kilomita zile zile. Sisi wauza mabegi tunalijua hili. Anayeuza tiketi kila siku analikosaje?

Na tiketi zikiwa mbili tofauti, ukichelewa hakuna shirika linalokudai wala unalolidai. Begi halipitilizwi, unalifuata mwenyewe, na kulifuata ni kupita uhamiaji, na pasipoti yetu pale inataka viza. Kaunta nayo inafungwa saa nzima kabla ya ndege kuruka. Maana yake mimi nilishaachwa na ndege ya Dar nikiwa bado hotelini Xiaobei, huko huko Guangzhou.

Nikampigia. Akajibu, "Ndege huwa zinawahi, usiwe na wasiwasi." Tangu hapo hapokei simu. Nimenunua tiketi nyingine kwa dola 340 za kulipia mzigo, na katoni tatu zimebaki stoo China mpaka leo.

Wewe wakala, najua humu unapita. Nataka dola zangu 340. Kamisheni ulichukua kwenye tiketi zote mbili, na ile picha uliyonitumia bado ninayo.

Na wenzangu mnaoruka njia hii, wekeni hapa chini saa mlizokaa angani na mwezi mliosafiri, kwenda na kurudi. Kuna kijana wa duka la jirani anaenda mwezi wa tatu, naye keshapigiwa hesabu hii hii.