Siku moja Mji Mkongwe na mama mzee, tupite wapi?

Binti wa Wete: Asalaam alaykum. Jumamosi tunashuka Unguja kwa boti, mimi na mama. Magoti yanamsumbua. Anataka kuiona tena Beit el-Ajaib, lile Jumba la Maajabu, aliwahi kuingia akiwa kigori. Nimpitishe wapi asichoke?

Mpita Vichochoro: Waalaykum salaam dada. Kwanza mwandae mama. Jumba hilo la Sultani Sayyid Barghash, la mwaka 1883, sehemu yake iliporomoka Desemba 25, 2020. Mimi nililia nilipokiona kile kifusi. Kaeni Forodhani, bustani iliyo mbele yake, alitazame kutoka kivulini.

Kisha ingieni vichochoroni taratibu, mtazame milango. Mlango wenye upinde juu na misumari minene ya shaba ni wa Kihindi. Wa Kiarabu juu umenyooka, na pembeni mwa fremu umechongwa mnyororo. Mwache mama apitishe kidole kwenye ule mnyororo, nakshi zake hazionekani vizuri kwa macho tu. Nendeni asubuhi, saa sita mawe yanachoma.

Mmakunduchi: Mkilala, kesho yake mfikisheni kwenye msikiti wa kale wa Kizimkazi Dimbani, kusini mwa Unguja. Msikiti ule kwa nje ni bati na chokaa, mtu anaupita. Ndani, kibla kina maandishi ya Kikufi, hati ya kale ya Kiarabu, ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107. Ombeni ruhusa kwanza, na mjistiri.

Binti wa Wete: Ahsanteni sana. Nimemsomea mama habari ya Beit el-Ajaib, amenyamaza muda. Kasema tutakwenda vilevile.