Mjadala: "Wandering Spirit" ya Mick Jagger inazipita albamu zote za Stones baada ya 1981

MLETA MADA:

Wakuu, wiki hii nimeirudia tena na nimeshindwa kunyamaza. Wandering Spirit, albamu ya tatu ya Mick Jagger akiwa peke yake, iliyotoka Februari 1993, inaizidi kila albamu ambayo bendi yake ya roki, Rolling Stones, wameitoa tangu Tattoo You ya 1981. Najua nimechokoza nyuki. Naomba mnisikilize kwanza, mawe baadaye.

Kilichoiponza ni ndugu zake wawili waliotangulia. She's the Boss ya 1985 ilimkuta Jagger akikimbizana na mitindo ya wakati ule: mashine za ngoma, vinanda vya umeme kila kona, na Jeff Beck mzima kaalikwa kupiga gitaa halafu anasikika kama yuko chumba cha pili. Primitive Cool ya 1987 ikapita kimyakimya. Kwa hiyo ya tatu ilipofika, hukumu ilishaandikwa: Jagger bila Keith Richards, mpiga gitaa wa Stones, hana kitu. Sokoni haikuanguka, maana ilifika nafasi ya 11 Marekani na ya 12 Uingereza. Lakini mashabiki wangapi wa Stones wanaweza kukutajia vibao vitatu vya humo bila kusita?

Safari hii aliyekaa kwenye kiti cha prodyuza alikuwa Rick Rubin, aliyekuwa ametoka kuwatengenezea bendi ya Red Hot Chili Peppers albamu ya Blood Sugar Sex Magik (1991), na ambaye mwaka 1994 angemtolea mwimbaji wa kantri Johnny Cash albamu ya sauti na gitaa lake tu. Rubin hupunguza. Sikiliza "Wired All Night" inavyofungua: gitaa kavu, ngoma iko mbele, na Jagger anabweka kama mtu aliyekaa njaa siku mbili. Hakuna urembo wa kujificha nyuma yake.

Ila kibao kilichoniteka ni "Evening Gown". Ni kantri ya taratibu, lile gitaa la kulazwa linateleza nyuma ya sauti, na anayeimba ni mzee anayesubiri nywele za dhahabu za mpenzi wake zigeuke mvi. Jagger alikuwa na miaka 49. Huko nyuma kila alipogusa kantri alikuwa akiigiza lafudhi, kama anawachekesha watu wa baa. Hapa kaacha. Anaimba chini, karibu kuongea, na mwisho wa mstari anauachia ufe wenyewe bila kuuvuta. Mwaka 2006 Jerry Lee Lewis, gwiji wa rock and roll, aliuchukua wimbo huo akaurekodi kwenye albamu yake Last Man Standing, na Jagger mwenyewe akiwemo. Mtu kama Lewis hakuwa na haja ya kumbeba mtu kwa huruma.

Haya, karibuni.

MCHANGIAJI WA KWANZA:

Mkuu, nakuheshimu, lakini umemruka Charlie Watts, mpiga ngoma wa Stones, kama vile hakuwahi kuzaliwa. Curt Bisquera aliyepiga humu ni mpiga ngoma mzuri, anapiga kila kitu mahali pake, na shida ndiyo hiyo hiyo. Charlie alikuwa anachelewa kidogo, ule upungufu wa nukta ndogo unaokufanya usogeze bega bila kujijua. Sasa chukua Talk Is Cheap, albamu ya Keith akiwa peke yake (1988), ngoma za Steve Jordan. Ile inayumba, ina jasho. Kama tunashindanisha kazi za nje ya bendi, Keith kamaliza mchezo miaka mitano kabla. Na usisahau kwamba Voodoo Lounge ya Stones ya 1994, mojawapo ya hizo unazoziponda, ilichukua Grammy ya albamu bora ya roki.

MCHANGIAJI WA PILI:

Mimi hoja yangu ni fupi. Nyimbo zinazosifiwa humo si zake. "Use Me" ni ya Bill Withers, "Think" watu waliijua kwa The "5" Royales na James Brown, "I've Been Lonely for So Long" ni ya Frederick Knight, "Handsome Molly" ni wimbo wa jadi. Ukiziondoa hizo unabaki na nini?

MLETA MADA:

Ndugu yangu wa pili, unabaki na "Evening Gown", "Don't Tear Me Up", "Sweet Thing" na wimbo uliobeba jina la albamu. Hizo tu zinatosha kwa albamu nzima. Halafu tukianza kumshtaki mtu kwa kuimba nyimbo za wengine, albamu ya kwanza kabisa ya Stones ya 1964 tutaipeleka wapi? Hawa walianza maisha yao hivyo. Kwenye "Use Me" kamwita Lenny Kravitz waimbe pamoja, na ukisikiliza vizuri utaona Jagger haigi kabisa ule upole wa Withers. Yeye kaugeuza malalamiko ya mtu anayefurahia kutumiwa.

Kuhusu Charlie, hapo sina jibu. Umenishika.

MCHANGIAJI WA TATU:

Naongezea kitu kwa upande wa mleta mada. Wakati wa kuitengeneza albamu hii, mwaka 1992, Jagger na Rubin waliingia studio na The Red Devils, bendi ya baa ya Los Angeles, wakapiga bluzi tupu. Karibu yote yamefungiwa kabatini hadi leo. Kimoja, "Checkin' Up on My Baby", kilitolewa rasmi mwaka 2007 kwenye mkusanyiko wake. Kitafuteni. Harmonika inawaka, na Jagger anaimba kama hajawahi kuimba uwanjani hata siku moja. Mtu huyo ndiye aliyeimba Wandering Spirit. Ninachoilaumu ni urefu tu: vibao 14 ni vingi, kisa nafasi ya CD. "Mother of a Man" ningeitoa bila kujuta.

MLETA MADA:

Nakubali, "Mother of a Man" itoke. Lakini "Handsome Molly" ya mwisho msiiguse: fidla na sauti, basi. Mtu aliyejaza viwanja miaka thelathini anafunga albamu yake hivyo.

Mchangiaji wa kwanza, Grammy haiimbi. Nitajie kibao kimoja cha Voodoo Lounge, kwa sauti ya Jagger, chenye utulivu wa "Evening Gown", nami nitarudisha maneno yangu.

MCHANGIAJI WA KWANZA:

"Out of Tears."

MLETA MADA:

Nimeenda kuisikiliza mara mbili kabla ya kujibu. Kile kinanda cha mwanzo ni kizuri kweli, na ubeti wa kwanza anauimba vizuri. Ila kiitikio kikifika anainua sauti amfikie mtu wa kiti cha mwisho uwanjani. Kwenye "Evening Gown" anamwimbia mtu mmoja aliyekaa naye meza moja. Nakupa nusu.