Mrejesho: asilimia ya salfa kwenye mbolea ya SA

Wakuu, narudi na mrejesho. Niliuliza kwa nini gramu 0.500 za mbolea ya SA (amonia salfeti) zilinipa salfa asilimia 71, wakati mashapo makavu ya bariamu salfeti, yanayobeba salfa yote ya mbolea, yalikuwa gramu 0.865. Kosa mliloonyesha ndilo hilo hilo: nilizidisha kwa 96/233 (uzito wa salfeti kwa uzito wa bariamu salfeti), nikapata salfeti nzima badala ya salfa peke yake. Kwa 32/233, ambapo 32 ni uzito wa salfa, napata gramu 0.119, yaani asilimia 23.8. Fomula ya amonia salfeti, (NH4)2SO4, inatoa 24.2, nimefurahi mno!

Nimerudia pia jaribio lenyewe. Bariamu kloridi, inayotengeneza mashapo hayo, nimeidondosha polepole kwenye mchanganyiko wa moto wa mbolea na maji, mashapo nimeyaacha yatulie usiku kucha. Maji yaliyopita kwenye karatasi ya kuchujia ni maangavu kabisa. Mara ya kwanza yalikuwa na ukungu mweupe, yaani mashapo laini yalipenya karatasi. Asanteni sana.